Doa la Cucu

Kingamwili yangu ilifika Embu Jumanne moja ya mvua, ndani ya boksi jeupe kubwa kama la kubebea samaki. Nilikata utepe kwa haraka. Ndani kulikuwa na boksi lingine, ndani ya hilo mifuko ya barafu iliyoanza kulegea, na chini kabisa kichupa kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Nikakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa na tone moja. Nilikuwa nimelisubiri tone hilo miezi minne, nimejaza fomu za kila rangi, nimewapigia simu watu wa forodha hadi wakaijua sauti yangu, na sasa sikujua kama nicheke au nilie.

“Hiyo ni nyingi,” msimamizi wangu akasema nyuma yangu. “Ukitumia na akili itamaliza hiyo research yote. Ukitumia na kiherehere itaisha next week.”

Kiherehere changu alikijua vizuri. Alikuwa daktari wa utafiti, mama mfupi kutoka Meru kule juu kwenye majani chai, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Alikuwa mtu wa kusahihisha kila kitu. Nimewahi kumwona akisahihisha kadi ya harusi kabla ya kuiweka kwenye mkoba. Mimi nilikuwa fundi wa maabara ndogo mjini, na kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuhesabu mayai ya minyoo kwenye vinyesi vya watoto wa shule. Ni kazi ya heshima na mtu lazima aifanye, ila ukishaulizwa na mchumba wako mtarajiwa unafanya nini ofisini, unaanza kutamani masomo zaidi. Basi nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya pili na likizo ya mwaka mmoja, niliishika kwa mikono miwili. Mchumba alikwenda zake, lakini masomo yalibaki.

Utafiti wenyewe ulihusu mate. Ndani ya mate ya binadamu kuna kimeng'enya kinachovunja wanga na kuufanya sukari. Ndiyo maana ukitafuna nduma polepole, bila kumeza haraka, unasikia utamu unaanza kuja. Watu wengine wanacho kwa wingi, wengine kidogo, na nilitaka kujua sisi tunaokula nduma, mahindi na viazi tangu kunyonya tunacho kiasi gani. Kingamwili ndiyo ingeniambia. Mahali fulani mbali sana sungura alidungwa kimeng'enya hicho cha binadamu, na damu yake ikatengeneza kitu cha kukikamata hicho tu. Unadondosha mate kwenye karatasi nyeupe, unamwaga kingamwili, unamwaga dawa ya rangi, na pale penye kimeng'enya doa la rangi ya kahawa linatokea. Pasipo na kimeng'enya karatasi inabaki nyeupe. Ni mbwa anayemjua mtu mmoja tu.

Niligawa lile tone katika vichupa vitano, kwa sababu kingamwili haipendi kugandishwa na kuyeyushwa kila mara, nikavifungia kwenye friza. Kisha nikaenda nyumbani Karurumo kuanza na mate ya bibi yangu.

Kwetu bibi tunamwita Cucu. Cucu wangu ndiye aliyenilea, na nilitaka awe sampuli nambari moja kwa sababu za kisayansi, yaani kwamba hakula chochote maishani isipokuwa vya shambani kwake, na kwa sababu nyingine ambayo sikuiandika kwenye fomu, yaani kwamba nilikuwa najidai. Nilitaka anione na koti jeupe. Nililivaa tangu kituoni, nikapita nalo sokoni katikati ya wauza parachichi, jua linawaka.

Alikuwa ameketi jikoni akichambua maharagwe. Nikampangia vifaa vyangu juu ya stuli: vichupa vitupu, daftari, na chupa ya maji maalum ya chumvi ambayo ningetumia kuzimulia mate. Nilikuwa nimekwisha kuifungua ile chupa ili nijaze kipimo cha kwanza. Nikamweleza habari ya wanga, ya sungura na ya karatasi. Akasikiliza hadi mwisho bila kuacha maharagwe.

“Huyo sungura ni wa wapi?” akauliza kwa Kiembu.

“Wa ng'ambo, Cucu.”

“Na anajua mate ya watu wa Karurumo?”

“Anajua ya binadamu wote.”

“Mhh. Na hiyo karatasi umesema mnaiogesha na maziwa?”

Ilikuwa kweli. Kabla ya kumwaga kingamwili, karatasi inalowekwa kwenye maziwa ya unga ili nafasi zote tupu zizibwe, kingamwili isije ikajishikiza ovyo. Nikamwambia ndiyo, saa nzima.

“Watu wanakunywa chai ya rangi, na nyinyi mnaogesha karatasi na maziwa,” akasema, akatupa haragwe bovu nje.

Kisha akawa mzito. Nilimnyooshea kichupa na hakukipokea. Akaniambia mate ya mtu ni ya aina mbili, ya kubariki na ya kudharau. Mate ya kutiwa kwenye chupa aliyajua ya hospitali tu, ya kutafuta kifua kikuu, na yeye hakuwa na kifua kikuu. Hakutaka kunitemea mimi, mtoto wake, mate ambayo hayajulikani ni ya nini. Nikaanza kubisha, kama kawaida yangu, nikataja kamati ya maadili na fomu ya ridhaa. Akaniacha nimalize.

“Simama vizuri,” akasema. “Nitakubariki kwanza wewe na hivi vyombo. Hapo ndio mengine yatakuwa salama.”

Cucu alikuwa mtu wa kanisa kabisa, hakosi ibada hata mvua ikinyesha. Lakini baraka alizitoa kwa njia ya wazee wake na hakuona ugomvi wowote hapo. Nikasimama. Nikafungua viganja. Akanitemea viganjani kidogo, kwa ncha ya ulimi, kama mvua ya manyunyu, halafu kifuani juu ya lile koti, akisema maneno ya kazi kuzaa na njia kunyooka. Kisha akainama juu ya stuli akabariki vyombo: thu, thu, thu. Akamaliza na amina. Nilikuwa na machozi machoni, siwezi kuficha. Nilimaliza chuo cha kwanza yeye akiwa mgonjwa na baraka hizo sikuwa nimezipata. Akapokea kichupa, akakijaza vizuri sana, akarudi kwenye maharagwe.

Nikazimulia mate yake, nikaziba chupa zote, nikaandika daftarini kila kitu: saa, hali ya hewa, alichokula asubuhi, muda aliosukutua mdomo. Msimamizi wangu alitaka hivyo. Kwenye wiki iliyofuata nilikusanya mate ya majirani kumi na wanane, mmoja nikimrudisha nyumbani kwa sababu alikuja shavu limejaa muguka, yale majani ya kutafuna siku nzima, na kuniapia kwamba ni jino linamuuma.

Jaribio la kwanza nililifanya Jumatatu. Nilidondosha safu za mate kwenye karatasi, na mwisho wa safu nikadondosha yale maji ya chumvi peke yake. Hilo ni tone la kukagulia. Halina mate, kwa hiyo lazima libaki jeupe, na likibaki jeupe ndipo unaweza kuyaamini madoa mengine. Saa tisa alasiri nikamwaga dawa ya rangi. Madoa yakaanza kutokea, moja baada ya jingine, mazuri ajabu. Nilikuwa tayari naimba. Halafu pale mwisho wa safu, pale pasipo na mate ya mtu yeyote, doa hafifu likaanza kuchomoza. Nikalikodolea macho nikiliomba liache. Halikuacha.

Mtu mwenye akili angemwita msimamizi. Mimi nilijiambia ni pipeti chafu, ule mrija wa kudondoshea matone. Kesho yake, bila kumwambia mtu, nikayeyusha kichupa cha pili cha kingamwili, nikabadilisha pipeti, nikabadilisha karatasi, nikabadilisha hata maziwa, nikarudia. Doa likarudi mahali pale pale, kama mgeni aliyezoea kiti.

Ikabidi nipeleke karatasi zote mbili ofisini kwake. Akavaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu.

“Hii blank yako, hii ya maji tu, imeshika.”

“Ndiyo, Madam.”

“Mara mbili.”

“Ndiyo, Madam.”

“Na ulirudia bila kuniambia.”

Akavua miwani. Akaniambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba kingamwili inayoshika maji matupu inashika chochote, na hatuwezi kuandika hata neno moja kwa kutumia kitu kama hicho. Kuagiza nyingine ni miezi minne tena, na likizo yangu haingengoja. Ijumaa kamati ya maabara ilikuwa inakutana. Kama hadi wakati huo hatujui doa lile limetoka wapi, angelazimika kuwaambia utafiti umesimama, na mimi ningerudi kwenye darubini yangu na mayai ya minyoo.

Nilitembea hadi Majimbo, nilikokuwa nimepanga chumba, nikimtukana yule sungura. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilimkasirikia sungura, forodha, barafu iliyolegea, na mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi getini ambaye kosa lake lilikuwa kuniuliza mbona nimenuna. Nilipofika chumbani nikalia, nikapika chai, nikalia tena nikiwa nimeshika kikombe.

Jumatano msimamizi alinikalisha mbele ya meza yake na daftari langu.

“Sasa tutaanza mwanzo,” akasema. “Hiyo chupa ya maji. Uliifungulia wapi?”

“Karurumo. Kwa Cucu.”

“Ikiwa wazi, nini kiliingia?”

“Hakuna kitu.”

“Vumbi? Moshi? Kuku?”

“Kuku walikuwa nje. Na kuku si binadamu, Madam, hata wangeingia.”

“Usinifundishe. Nani alikuwa karibu?”

“Mimi na yeye tu. Nilivaa glavu, nikavaa barakoa. Yeye alikuwa ameketi. Akauliza mambo ya sungura, akanibariki, akatoa mate kwa kichupa, nikafunga.”

Kalamu yake ikasimama. Akaniangalia juu ya miwani.

“Rudia hapo.”

“Akatoa mate kwa kichupa.”

“Kabla ya hapo.”

“Akanibariki.”

“Hiyo haiko kwa daftari.”

“Si sehemu ya utaratibu, Madam. Ni baraka tu.”

“Alikubariki aje?”

Nikafungua kinywa kujibu, na viganja vyangu vikafunguka vyenyewe juu ya meza, vikatazama juu, kama vile siku ile. Nikavitazama. Yeye pia akavitazama. Nikaiona ile stuli, ile chupa iliyofunguliwa, na Cucu akiinama.

Naomba mnielewe. Nilikuwa nimesoma mate kwa miezi mingi. Nilijua kiwango chake cha asidi, nilijua yanatoka kwenye tezi ngapi, nilikuwa na picha ya tezi hizo ukutani. Kama jirani angepiga chafya karibu na chupa ile ningeitupa papo hapo na kuandika ukurasa. Lakini nilichopokea jikoni kwa Cucu hakikuwahi kunipitia akilini kwamba ni mate. Kilikuwa baraka. Ukiwa umelelewa kwetu huwezi kufikiria vinginevyo, na ungefikiria hivyo ungejionea aibu.

“Alibariki vyombo pia?” msimamizi akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Vyombo pia.”

“Mara ngapi?”

“Tatu.”

Mama huyu ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini aliweka kichwa juu ya meza. Mabega yakaanza kutikisika. Aliinuka miwani imepinda, machozi yanamtiririka, akapangusa, akaanza upya. Akaniambia alipokuwa anaondoka nyumbani Meru kwenda chuo, babu yake alimtemea kifuani mbele ya kituo kizima cha magari, naye alikuwa amevaa blauzi mpya ya hariri, na hakuifua kwa muhula mzima.

“Sasa,” akasema alipopata pumzi, “hiyo ni hadithi tamu. Si ushahidi. Nenda ulete vichupa.”

Alhamisi asubuhi tulifanya jaribio pamoja, bega kwa bega. Nilichanganya maji mapya ya chumvi na hakuna aliyeruhusiwa hata kupumua juu yake. Kwenye karatasi moja tulidondosha vitu vinne: maji mapya, maji ya chupa ya Karurumo, maziwa ya ng'ombe, na mate ya Cucu yenyewe. Kama kingamwili ni mbovu, yote yangeshika. Tukaogesha karatasi na maziwa. Tukayeyusha kichupa cha tatu. Umeme ukakatika kidogo saa tano na wote wawili tukasema neno lile lile, kila mtu kwa lugha yake, ukarudi. Sikula chakula cha mchana. Yeye alikula ndizi mbili amesimama.

Saa tisa nikamwaga dawa ya rangi. Akanishika kiwiko nisimwage nje. Doa la Cucu likatokea kwanza, la kahawa iliyokolea hadi kuwa nyeusi, halikusita. Kisha lile la chupa ya Karurumo, hafifu kama nilivyolijua. Tukangoja. Maji mapya yakabaki meupe. Maziwa yakabaki meupe. Tukangoja tena, muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na yakabaki meupe.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele za shangwe, zile za harusini, ndani ya maabara, na watu wakatoka kwenye vyumba vingine kuja kuona nani amezaa.

“Basi sungura anajua mate ya watu wa Karurumo,” msimamizi akasema, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia yote. Akachukua daftari langu, akaandika kwa mkono wake, kwenye ukurasa wa siku ile: *Vyombo vilibarikiwa*. Akatia sahihi. Ijumaa aliwasomea kamati sentensi hiyo bila kucheka, na utafiti ukaendelea.

Jumamosi nilirudi Karurumo kumwonyesha Cucu karatasi. Nilimweleza kwamba nusura animalize. Akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akatazama lile doa jeusi.

“Hili ni mimi?”

“Ni wewe, Cucu.”

“Na hili dogo?”

“Ni baraka zako.”

Akafikiri. “Mbona baraka ni ndogo kuliko mate?”

“Kwa sababu ziliingia kwa maji mengi.”

“Basi ulete chupa isiyo na maji,” akasema, amekereka kidogo.

Na ndicho nilichokuwa nimekuja nacho. Msimamizi alikuwa amenieleza kwamba kila karatasi, pamoja na tone la kukagulia linalobaki jeupe, inahitaji tone jingine pembeni ambalo lazima lishike, mate ya mtu mmoja anayejulikana, ili tujue kingamwili imeamka siku hiyo. Likishika, unaandika “endelea.” Lisiposhika, unaandika “simama,” hata kama madoa mengine ni mazuri namna gani. Nikampa Cucu chupa mpya, tupu, iliyofunguliwa kwa makusudi. Akaibariki kwa muda mrefu, akipumzika katikati, akinitaja mimi, msimamizi wangu, forodha, na yule sungura. Nilizigandisha baraka hizo kwenye vichupa arobaini. Kila kimoja nilikiandika herufi B.

Mwaka huo nilizunguka nikikusanya mate ya watu. Nilifika Kiambere kwenye joto la bwawa, ambako barafu ilikuwa inakufa kabla ya adhuhuri na wazee walinicheka kwa kukimbia na kikasha kutoka kivuli hadi kivuli. Na kila niliporudi maabara, kwenye kona ya juu ya kushoto ya kila karatasi Cucu alitokea kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na mimi nikaandika “endelea.”

Alikufa zikiwa zimebaki sampuli za Kiambere pekee. Alikufa vizuri, mchana, baada ya kula, akiwa amemkosoa mama yangu kuhusu chumvi. Tulimzika karibu na kahawa yake. Nilikaa nyumbani siku kumi, na asubuhi niliyorudi kazini niliona heri nifagie, nioshe vyombo ambavyo vilikuwa visafi, nipange upya kabati. Niliogopa ile kona. Nilijua kisayansi kwamba kimeng'enya kilichogandishwa hakijui kwamba mwenyewe amefariki. Niliogopa hata hivyo.

Msimamizi aliweka kichupa cha B mkononi mwangu, akavuta kiti akaketi.

Nikadondosha tone. Nikaogesha karatasi na maziwa, saa nzima. Nikamwaga kingamwili. Nikamwaga dawa ya rangi, na karatasi ikakaa nyeupe kwa kitambo, nami nikasahau kupumua. Kisha kwenye kona ya juu, kushoto, doa likaja, jeusi kama siku zote, kabla ya wengine wote.

Nikafungua viganja. Nilikaa hivyo kidogo. Halafu nikanawa mikono kama utaratibu unavyotaka, nikachukua kalamu, nikaandika: Endelea.